Niandikie: Mwongozo wa Kutunza Vitabu vya Fundi wa Ngozi

Kabla hujanunua msharasi, nunua daftari. Msharasi utaazima kwa fundi viatu wa stendi, nta utaipata kwa mfuga nyuki yeyote, na kisu cha kukatia ngozi utajichongea kwa kipande cha msumeno uliovunjika, kama wafanyavyo mafundi wengi wa jua kali. Daftari haliazimwi. Kaa siku mbili tu kwenye kibanda kando ya barabara ya Thika kwenda Mang'u bila daftari, na siku ya tatu utakuwa umeukopesha mtaa mzima wa Ngoingwa huku hukumbuki hata geti moja.

Nina mamlaka ya kusema haya. Guka, babu yangu, alishona hatamu, mikanda ya mikokoteni, kola za mbwa na viatu vya shule hapa kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki, binamu zangu walirithi ploti, hamsini kwa mia kila mmoja. Mimi nikarithi vitabu vya biashara, eti kwa kuwa ndimi niliyesoma. Vipo kumi na kimoja, na katoni moja ya vikaratasi visivyo na mama. Nimevisoma vyote, vingine mara mbili, kimoja nikiwa nimeshika pua. Fuata mwongozo huu kwa uaminifu, nami nakuhakikishia kwamba hakuna mhasibu, mtu wa kodi wala mke atakayejua ulikuwa unapata kiasi gani. Wewe mwenyewe hutajua, na hilo lina usingizi wake mzuri.

Tuanze na daftari lenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 19 mtengeneza matandiko ya farasi alikuwa mtu wa maana kijijini, sawa na mhunzi, na vitabu vya baadhi yao vimehifadhiwa hadi leo katika nyumba za nyaraka za huko: majitabu mazito yaliyofungwa kwa ngozi, mwandiko safi, deni upande huu, malipo upande ule. Usiwaige. Kauntabuku ya kwaya mbili ni bei ya uzi wa wiki nzima. Fanya kama guka: subiri shule zifungwe, kisha kusanya madaftari ya wajukuu ambayo mwalimu hakuyamaliza.

Kitabu cha zamani zaidi kilichobaki katika urithi wangu ni daftari langu mwenyewe la sayansi la darasa la sita, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa wa tatu nimechora ng'ombe na matumbo yake manne, nikapata nane kwa kumi, na mwalimu kauliza kwa wino mwekundu: mkia uko wapi? Ukurasa wa nne, kwa mkono wa guka: "Ngozi 1 ya ng'ombe. Mkia umebaki bucha." Sijawahi kuona swali la mwalimu likijibiwa vizuri hivyo.

Ukishapata daftari, chora safu tatu: nani, nini, ngapi. Safu ya "ngapi" ifanye nyembamba, kwa sababu mara nyingi itakaa tupu. Safu ya "nani" ndiyo yenye kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba usiandike jina la mtu. Jina humtia aibu mteja akichungulia, na isitoshe majina ya kwetu hayatoshi. Ukiita Kamau hapo barabarani, hata matatu itasimama. Mwandike mtu kwa kile ulichomshonea au kwa kile unachokiona ukiwa umeketi kibandani bila kuinuka. Ndivyo vitabu vya guka vilivyojaa watu kama Wa Punda Mweupe, Mama wa Maji, Mwalimu (si yule mrefu), Geti ya Kijani, na Mwenye Mbwa Wawili. Huyu wa mwisho, miezi minane baadaye, anatokea kama Mwenye Mbwa Mmoja, na nilidhani ni mteja mwingine mpaka nilipokuta katikati ya kurasa hizo: "Kola 1 imerudishwa. Gari."

Utaratibu huu una udhaifu mmoja tu, nao ni maendeleo. Ngoingwa ya mwanzo wa vitabu hivi ilikuwa kahawa na nyumba chache, na geti ya kijani ilikuwa moja. Kisha mibuni ikang'olewa, ploti zikakatwa, nyumba za ghorofa zikaota mahali pa mibuni, na kila mwenye nyumba akaweka geti refu jeusi la chuma lenye kichwa cha simba. Mwaka fulani Geti ya Kijani naye akapaka rangi nyeusi. Deni lake la shilingi 240 likapotea machoni pa ulimwengu akiwa bado anaishi palepale, hatua sitini kutoka kibandani, akipita kila asubuhi na kusalimia.

Sasa ununuzi wa ngozi. Hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapofilisika wakicheka.

Ngozi mbichi ya ng'ombe haingoji. Ikitoka mwilini ina saa chache tu kabla haijaanza kuoza, na dawa ya haraka ni chumvi ya mawe, yapata theluthi ya uzito wa ngozi yenyewe, iliyosuguliwa upande wa nyama hadi pembeni. Mwenye bucha anajua hivyo, ndiyo maana atakupigia simu saa kumi jioni kuhusu ng'ombe aliyechinjwa alfajiri. Atakupimia ngozi ikiwa imelowa na ina vipande vya mafuta, halafu utalipia maji na mafuta kwa bei ya ngozi. Andika uzito alioutaja yeye. Kando yake, kwa herufi ndogo, andika uzito ulioupata nyumbani. Tofauti ya hizo mbili iite "usafiri."

Kisha igeuze uhesabu mikato ya kisu. Mchunaji wa haraka hutoboa. Mchunaji wa haraka zaidi hutoboa palepale penye ngozi nzuri, mgongoni. Kama kisu kilimhurumia ng'ombe, chapa ya moto haikumhurumia, maana wafugaji wetu wanapenda kumpiga ng'ombe chapa kubwa pajani, mahali ambapo fundi angekata mshipi mzuri kuliko yote. Kuna ukurasa ambapo guka ameandika tu: "Ngozi 1. Mashimo 12. Chapa 2. Chumvi kilo 7. Imekataa." Nilipokuwa mdogo nilidhani ngozi inakataa kama ng'ombe anavyokataa kukamuliwa. Maana yake ni kwamba manyoya yalianza kunyofoka yenyewe kwa kidole, na harufu ikawa imefika kwa majirani kabla ya chumvi kufika katikati.

Bei usiiwekee matumaini. Mwaka 2012 guka alinunua ngozi nzima ya ng'ombe kwa shilingi 1,800, na amepigia mstari chini kwa hasira. Mwaka 2019 ngozi ya ukubwa uleule ni shilingi 100, na mwenye bucha kaongezea kwato. Katikati ya miaka hiyo bei ya ngozi ilikuwa imeanguka dunia nzima, watu wakivaa viatu vya plastiki na vitambaa. Serikali yetu nayo ilikuwa imeweka ushuru wa kusafirisha ngozi mbichi nje, ukapanda hadi asilimia 80, ili ngozi ibaki nchini ishonwe viatu. Ngozi ilibaki kweli. Viatu vikaja kutoka nje. Ungedhani fundi mdogo angefurahia ngozi ya shilingi mia, lakini fundi mdogo huuza kwa watu walewale wanaofuga ng'ombe, na ng'ombe wao walikuwa wamepungukiwa na shilingi 1,700 kila mmoja. Kwa hiyo ukinunua ngozi kwa bei ya kutupa, usiandike faida mpaka umwone mnunuzi wa mshipi.

Kuitengeneza ngozi ni suala lingine, nalo vitabuni linachukua safu ya ajabu iitwayo "Jirani."

Thika ni mji wa ngozi kuliko watu wanavyokumbuka. Kuna viwanda vyake vya ngozi, kuna chuo cha kufundisha ushonaji viatu, na kulikuwa na kiwanda cha Kenya Tanning Extract kilichochemsha magome ya miwati kuwa dawa ya kuivisha ngozi na kuisafirisha ng'ambo. Muwati wenyewe ni mgeni kutoka Australia aliyefika mwanzoni mwa karne ya 20, akapendwa mashambani Kiambu na Murang'a kwa sababu hakuchagua: gome liliuzwa, mti ukawa kuni, makaa na nguzo za nyumba. Kwetu tunauita mũthanduku. Sikiliza neno hilo vizuri utalisikia sanduku ndani yake. Mti ulioitwa sanduku ukatoa magome yaliyotia pesa kwenye sanduku, mpaka miaka ya 1950 na 1960 kahawa na chai zilipoanza kulipa zaidi na miwati mingi ikaangushwa.

Guka alikuwa mtu wa magome. Alikuwa na mapipa mawili nyuma ya nyumba. La kwanza la chokaa, ambamo ngozi ilikaa siku kadhaa mpaka manyoya yakubali kukwanguliwa. La pili la maji ya magome yaliyopondwa, mekundu kama chai ya turungi iliyosahaulika jikoni, ambamo ngozi ilikaa majuma na majuma, ikihamishwa kutoka maji mepesi hadi makali. Kiwandani hutumia chumvi za kromu, ufundi uliopewa hati miliki Marekani mwaka 1884, na ngozi huiva ndani ya pipa linalozunguka kwa muda wa kama siku moja, ikitoka na rangi ya samawati kama sare za shule. Guka alimheshimu mwenye kromu kama mzee wa kanisa anavyomheshimu mhubiri wa runinga. Alisema ngozi ya kromu ni laini na haraka, ila haina subira, na punda anahitaji mkanda wenye subira.

Subira hiyo ilikuwa na harufu, na harufu ilikuwa na gharama. "Jirani: maparachichi 10." "Jirani: maziwa lita 2, wiki ya chokaa." "Jirani (mgeni): ameuliza nani amekufa. Kola ya mbwa, bure." Ukijumlisha safu hii kwa miaka thelathini utaona kwamba gharama kubwa ya kuivisha ngozi si ngozi, si chumvi, si magome, bali ni ujirani mwema, na sijaona mhasibu yeyote anayejua aiweke wapi.

Sasa nikueleze kitu ambacho vitabu haviwezi kukuonyesha. Keti umtazame fundi akishona mkanda wa kifuani wa punda wa mkokoteni. Kwanza hupima kwa shibiri, kutoka bega hadi bega, punda akiwa anamnusa shingoni. Punda wengi wa hapa huvutishwa kwa mkanda wa mpira wa gari au wa gunia, na mpira huchubua mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Kwa hiyo upande wa ndani fundi huweka kipande cha blanketi kuukuu, mara mbili. Kisha hutoboa matundu kwa msharasi, yote kwa mlalo mmoja. Uzi mmoja mrefu uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha. Sindano ya kulia hupita tunduni kwenda kushoto, ya kushoto hupita tundu lilelile kuja kulia, halafu mikono yote miwili huvuta kwa pamoja mpaka uzi unapiga mluzi. Kila tundu limepitwa mara mbili. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili unashika, na mkokoteni wa maji haumwagi mitungi yake mtelemkoni.

Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kilichoieleza dunia hesabu za maingizo mawili: kila shilingi iandikwe mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, ili upande mmoja ukikosea upande wa pili ukamate. Guka aliyajua maingizo mawili kwa mikono yake bila kumsikia Pacioli. Kila mshono wake ulikuwa na deni na malipo. Ila alipoweka sindano chini na kushika kalamu, alishona kwa sindano moja: deni liliingia, malipo mara nyingi hayakuonekana. Nilimuuliza mara moja kwa nini haandiki mtu akilipa. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hamsalimii marehemu. "Akilipa ameshalipa. Niandike ya nini?"

Hapo ndipo siri ya vitabu vyote ilipo, nami nilihitaji miaka miwili kuielewa. Aliyefutwa kwa mstari amelipa. Asiyefutwa hajalipa, au amelipa siku ambayo kalamu ilikuwa kwa mjukuu. Kitabu cha fundi ni orodha ya walioondoka bila kumaliza maneno.

Na maneno yenyewe ni neno moja tu: niandikie. "Guka, niandikie, nitapita mwisho wa mwezi." Ukiwa fundi mchanga utajaribu kukataa. Utaweka kibao kisemacho mkopo ni kesho. Utamaliza wiki na mikanda yote ukutani. Afadhali ujifunze daraja za kuandikiwa. "Niandikie" yenye tarehe ni deni. "Niandikie" ya mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi ni zawadi. "Si unanijua?" ni hasara, ifute siku hiyohiyo uokoe wino. Na "Mungu atakubariki" ni malipo kamili, inahitaji safu yake.

Safu ya baraka guka aliianzisha kwa sababu ya ngoma. Kanisa moja la ngoma lililokuwa bondeni lilimletea ngoma zake aziwambe upya kila ngozi ilipopasuka, na ngozi ilipasuka sana kila baada ya kesha. Kuwamba ngoma kunataka ngozi ya mbuzi, iliyolowa, ivutwe pande zote kwa usawa na kufungwa kabla haijakauka. Ikikauka yenyewe hujikaza mpaka inalia ukiigusa kwa ukucha. Ni kazi ya nusu siku. Kwa miaka tisa kanisa hilo linaonekana vitabuni hivi: "Ngoma 2. Ngapi: baraka." "Ngoma 1 kubwa. Baraka na ndizi." Halafu, mwaka wa kumi, "Ngoma 3. Wameleta 500. Nimeuliza kama kuna shida nyumbani kwao."

Usidharau malipo ya vitu. Gunia la majani ya nepia ni malipo, kuku ni malipo. Ila andika hali ya kuku, kama guka: "Kuku 1 (mgonjwa). Nusu deni."

Pigo kubwa kwa uhasibu wa aina hii lilikuja Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Watu husifu kwamba pesa sasa inatembea bila miguu. Hawajui ilivyomtesa mtu aliyeandika wateja wake kwa punda. Ujumbe wa kwanza wa malipo ulipoingia kwenye simu ya guka ulikuwa na majina matatu kamili ya mtu, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kama ya kitambulisho au ya jeneza. Guka hakumjua mtu huyo. Alikaa usiku kucha na shilingi 300 za mgeni, asubuhi akampigia kumrudishia, na mgeni akasema, "Guka, ni mimi wa punda mweupe." Tangu siku hiyo vitabu vina lugha mbili. Ushauri wangu: ukilipwa kwa simu, mpigie mlipaji uulize ana mnyama gani.

Kodi nitaipitia haraka, kwa sababu hata vitabu vinaipitia haraka. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo, asilimia 3 tangu Sheria ya Fedha ya 2023, huanzia mauzo ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Fundi wa ngozi wa Ngoingwa huiona milioni kama mlima Kenya asubuhi ya Julai, anajua uko upande ule. Hata hivyo itakubidi ujue eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, maana mteja mwenye kampuni atataka ankara yake aingize kwenye gharama, na hutaweza kumwandikia "Mwenye Mbwa Mmoja." Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka utunze rekodi miaka mitano. Guka alitunza thelathini, juu ya kabati, chini ya gunia la chumvi. Akija ofisa, mpe zote.

Atakayekusumbua zaidi ni mwanahistoria, lakini huyo naye amezoea mapengo ya vitabu. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alifunga na Marekani mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, akashika ukonseli wa kwanza wa Marekani pale Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa tunachokiita merikani mpaka leo, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi kavu za ng'ombe wa pwani yetu, huko kwao walikokuwa na viwanda vya ngozi na washona viatu kila kona. Wale watu waliandika. Barua zao na vitabu vyao vya hesabu vimetunzwa huko Massachusetts, na ukitaka kujua merikani iliingiaje na nini kilitoka, utajua. Ngozi zimehesabiwa. Mtu aliyemchuna yule ng'ombe na kuiwamba ngozi juani hayumo. Karne hiyohiyo, huku juu Kiambu na Murang'a, wazee wa Gĩkũyũ walidaiana mbuzi wa mahari kizazi hata kizazi bila kuandika herufi moja, na sijasikia mbuzi aliyesahaulika.

Guka aliandika kinyume cha Salem. Bei mara nyingi haipo. Idadi mara nyingine haipo. Lakini mchunaji yupo: "Ngozi ya kijana wa bucha mwenye kidole kilichokatika. Leo amechuna vizuri." Ngapi: tupu.

Kuna ukurasa mmoja ambao siwezi kukuelekeza jinsi ya kuuandika, kwa hiyo nitakueleza tu ulivyo.

Mwaka 2016 vichinjio vya punda vilianza kufunguliwa nchini, Mogotio na Naivasha, baadaye vikawa vinne na vya Turkana na Machakos. Wanunuzi walikuwa China, ambako ngozi ya punda huchemshwa ikawa gundi ya dawa iitwayo ejiao. Kwa mara ya kwanza ngozi ya punda ikawa na thamani kuliko mgongo wake. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Punda waliibwa usiku zizini na kuchinjwa vichakani, wakachukuliwa ngozi, mwili ukaachwa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha bara zima kwa miaka 15.

Katika kitabu cha tisa, mwaka 2018, kuna mstari: "Wa Punda Mweupe. Hatamu mpya, mkanda wa kifuani. 650. Ameleta 300 kwa simu." Mstari unaofuata ni wa wiki tatu baadaye. Nilikuwepo siku hiyo. Alikuja kwa miguu, jambo ambalo hatukulizoea, akiwa ameikunja ile hatamu mkononi. Wezi walikuwa wameivua na kuitundika kwenye nguzo ya ua kwa adabu kabisa, kama mtu anavyotundika koti la mwenyeji. Mkanda wa kifuani nao ulikuwa palepale. Alikuwa hajalala. Aliiweka hatamu juu ya benchi, akasema, "Guka, hii yako. Haijatumika sana."

Guka aliishika, akaigeuza, akakagua mshono kwa kidole gumba, tundu kwa tundu. Kisha akalivuta daftari. Ameandika: "Hatamu imerudi. Mkanda umerudi. Punda" na hapo kalamu imeacha kistari kirefu kilichofika hadi safu ya ngapi na kutoka nje ya karatasi. Deni halikufutwa. Wala hakurudishiwa zile 300, kwa sababu hakuziomba, na guka hakujua ataziandika chini ya neno gani.

Mwaka 2021 anatokea mteja mpya, Wa Punda Mweusi, na amechukua hatamu ileile ya ukutani pamoja na mkanda wake. "Bei ya zamani," guka kaandika. "Niandikie, mwisho wa mwezi." Ni mstari wa mwisho wa kitabu cha kumi na kimoja usiofutwa. Mwaka huohuo macho ya guka yalianza kumsaliti, na sindano mbili zikawa nne.

Kwa mahesabu yangu mimi, niliyepata nane kwa kumi, 650 kutoa 300 zilizolipwa wakati wa punda wa kwanza inabaki 350. Kama wewe ndiye, kibanda siku hizi kiko upande wa pili wa barabara, karibu na wauza maji, na till namba imebandikwa mlangoni. Ukituma, usiache jina tu. Taja punda.